Hakuna Aliyegusa Kioo: Dhana Potofu Kuhusu Ukarabati wa Darubini ya Hubble

Kati ya Desemba 1993 na Mei 2009, wanaanga walipanda mara 5 hadi kwenye darubini ya Hubble, wakatoka nje ya vyombo vyao mara 23, wakabadilisha kamera, betri, kompyuta, paneli za sola na jairoskopu, yaani vifaa vinavyohisi jinsi darubini inavyogeuka. Kwa jumla ni watu 16 tu waliofanya kazi hiyo ya nje. Habari zao zimesimuliwa sana, na katika kusimuliwa zimeokota mambo mengi yasiyo kweli. Ukiyachunguza, karibu yote yana kasoro moja: yanauweka ugumu wa kazi mahali usipokuwepo. Mtazamaji anaogopa mwanaanga asije akapeperuka, ilhali mwanaanga mwenyewe anawaza skrubu.

Dhana: Walikwenda kutengeneza kioo kilichoharibika

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote. Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990, na haukupita muda mrefu picha zake zikaonekana kuwa na ukungu. Kioo kikuu, chenye kipenyo cha mita 2.4, kilikuwa kimesuguliwa kupita kiasi ukingoni, kwa kama mikroni 2 hivi, yaani sehemu ya 50 ya unene wa unywele. Chanzo kilikuwa kifaa cha kupimia umbo la kioo kule kiwandani: lenzi yake moja ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Kinachouma zaidi ni kwamba vipimo vingine vilikuwa vimeionyesha kasoro hiyo mapema, vikapuuzwa kwa kuwa kile kifaa kibovu ndicho kilichoaminiwa kuwa sahihi kuliko vyote.

Kioo hicho hakijaguswa na mwanaanga yeyote. Kimo ndani kabisa ya darubini, hakichomoleki huko juu, na mpaka leo kina kasoro ile ile. Kilichoiokoa Hubble ni kwamba kioo kilikuwa kimekosewa kwa usahihi wa hali ya juu. Kilikuwa laini ajabu, ila kwa umbo lisilo lake. Kosa la namna hiyo likishapimwa, linaweza kufutwa mahali pengine kwenye njia ya mwanga kwa kioo kidogo chenye kosa lile lile lililogeuzwa.

Ndivyo walivyofanya wanaanga wa chombo cha Endeavour mwezi Desemba 1993. Waliitoa kamera kuu ya zamani na kuweka mpya, ambayo vioo vyake vya ndani vilikuwa tayari na marekebisho. Kwa ajili ya vifaa vingine vitatu vilivyobaki, walisukuma ndani sanduku liitwalo COSTAR, lenye urefu wa zaidi ya mita 2, ambalo lilinyoosha mbele ya vifaa hivyo vioo vidogo vya ukubwa wa sarafu. Nafasi ya sanduku hilo ilipatikana kwa kutoa kifaa kizima cha kisayansi kilichokuwa kinapima mabadiliko ya haraka ya mwanga. Wanasayansi waliokitegemea ndio waliolipa gharama ya kosa la kiwandani, jambo ambalo halitajwi mara nyingi.

Watu huiita COSTAR miwani ya Hubble, na wengi wanaamini darubini ingali imeivaa. La. Kila kifaa kilichopelekwa baada ya hapo kilitengenezwa na marekebisho yake ndani, mpaka COSTAR ikabaki haina kazi. Ilitolewa mwaka 2009, na sasa ni kifaa cha makumbusho mjini Washington.

Dhana: Kule juu hakuna mvutano, kwa hiyo kila kitu ni chepesi

Hubble huzunguka kwenye kimo cha kama kilomita 500. Hapo mvutano wa Dunia bado ni kama asilimia 85 ya huu tulio nao hapa chini. Wanaanga huelea kwa sababu wao, chombo chao na darubini wanaanguka pamoja bila kukoma, huku wakienda mbele kwa kasi ya kama kilomita 27,000 kwa saa, kiasi kwamba wanaikosa Dunia kila mara.

Na kukosa uzito si kukosa tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo kwenye kitu. Kamera iliyowekwa mwaka 2009 ilikuwa na kilo 400 hivi. Haimwelemei anayeishika, lakini akishaisukuma haisimami kwa hiari yake, na nguvu ya kuisimamisha inabidi itoke kwenye mikono ile ile. Sasa fikiria kuiingiza kwenye reli zake ndani ya darubini, penye nafasi finyu pande zote. Ndiyo maana ukitazama picha za video za kazi hizo unaweza kudhani zimepunguzwa mwendo.

Halafu kuna suala la skrubu. Mtu anayeelea akijaribu kufungua skrubu iliyokaza bila kuwa ameshikizwa popote, skrubu inabaki palepale na anayezunguka ni yeye. Wamarekani walilijua hilo kwa taabu mwaka 1966, pale mwanaanga Gene Cernan alipotoka nje ya chombo cha Gemini 9A akachoka hadi kioo cha kofia yake kikajaa ukungu wa pumzi. Miezi michache baadaye Buzz Aldrin, aliyekuwa amefanya mazoezi chini ya maji, alitumia vishikio na pa kuchomekea miguu, na kazi ikaenda vizuri. Tangu hapo bwawa limekuwa shule. Lile la Houston lina kina cha mita 12, na mifano ya Hubble yenye ukubwa halisi ilizamishwa majini ili wanaanga waizoee. Hata hivyo bwawa nalo hudanganya kidogo, maana maji hukizuia kitu unachokisukuma, na huko juu hakuna cha kukizuia.

Dhana: Hupaa huku na huku na roketi mgongoni

Picha ya mwanaanga Bruce McCandless akielea peke yake mwezi Februari 1984, bila kamba, ndiyo iliyowakaa watu kichwani. Kifaa kile cha mgongoni hakikutumika kwa Hubble. Miezi miwili tu baada ya picha hiyo, George Nelson alikitumia kuifuata setilaiti ya Solar Max iliyokuwa inahitaji matengenezo, akashindwa kuishika. Alipojaribu kuikamata paneli yake kwa mkono, setilaiti ikazidi kuyumba. Hatimaye ilinaswa kwa mkono wa roboti wa chombo chao.

Kwa Hubble njia ikawa hiyo hiyo. Mkono wa roboti uliidaka darubini na kuisimamisha kwenye jukwaa nyuma ya chombo. Fundi mmoja alisimama kwenye ncha ya mkono huo, miguu imefungwa, mwenzake akishikilia vishikio kwenye mwili wa darubini, na wote wakiwa na kamba. Vifaa navyo vilifungwa kamba, kwa kuwa bisibisi ikiponyoka huko haikusubiri sakafuni.

Dhana: Palipo pagumu ni kutoka nje, kufungua skrubu ni jambo dogo

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Vazi la mwanaanga lina shinikizo la hewa la kama theluthi moja ya lile tulilozoea, lakini nje yake ni ombwe tupu, hivyo vazi hutuna na kukakamaa. Kila ukikunja vidole unapigana na glavu, na mapigano hayo ni ya saa sita, saba, hata nane. Vidole huchubuka, na kucha hung'oka.

Vifaa vingi vya Hubble vilibuniwa viweze kuchomolewa vizima na glavu hizo. STIS, kifaa cha kuchambua mwanga kilichokufa mwaka 2004, hakikubuniwa kufunguliwa angani. Kilichoharibika ndani yake kilikuwa sehemu ya kugawia umeme, iliyojificha nyuma ya bamba lililoshikwa na skrubu 111 ndogo. Skrubu moja ikielea hadi ndani ya darubini, hasara yake haina fidia. Wahandisi walitengeneza bamba la pili, lenye matundu madogo juu ya kila skrubu, likafungwa juu ya lile la kwanza, ili kila skrubu ikilegea ibaki imenaswa humo humo.

Tarehe 17 Mei 2009 Mike Massimino na Michael Good walitoka kuifanya kazi hiyo. Skrubu 111 hazikuwashinda. Kilichowakwamisha ni kishikio cha mkono kilichokuwa kimeziba njia, kilichofungwa kwa skrubu nne tu kubwa na za kawaida, ambazo hakuna aliyeziwazia. Ya nne ikasagika kichwa, drili ikawa inazunguka bure. Duniani wahandisi walikimbilia mfano wa kifaa, wakajaribu kukivuta kishikio ili wajue nguvu inayotosha kukivunja bila kuharibu kingine. Kisha wakamwambia Massimino abandike utepe ili vipande visitawanyike, akivute kwa nguvu. Alikivuta, kikakatika. Matembezi hayo yalichukua muda wa saa 8 na dakika 2, na STIS ikafufuka. Kwa maoni yangu hakuna siku iliyoonyesha ufundi wa angani ulivyo kuliko hiyo, ingawa picha zake si za kusisimua hata kidogo.

Mengine ya haraka haraka

Kwamba huko ni baridi tu: juani vitu hupita nyuzi 100 za Selsiasi na kivulini hushuka chini ya hasi 100, na Hubble huizunguka Dunia kila dakika 95, hivyo joto na baridi hupokezana. Mwaka 1993 Story Musgrave na Jeffrey Hoffman walishindwa kufunga milango ya sehemu ya jairoskopu, maana haikuwa inakutana sawasawa. Ikabidi waivute kwa mkanda wa kukazia. Na mwili wenyewe hutatizwa zaidi na joto lake, ndiyo maana chini ya vazi kuna nguo yenye mirija ya maji ya kupoza.

Kwamba ilikuwa kazi ya wanaume pekee: Kathryn Thornton alikuwepo mwaka 1993, na ndiye aliyeiachia angani paneli ya sola iliyopinda. Ila kweli, kati ya wale 16 mwanamke ni yeye tu.

Kwamba wangeweza kukimbilia Kituo cha Kimataifa cha Anga mambo yakiharibika: obiti ya Hubble, yaani njia yake ya kuizunguka Dunia, ina mwinamo tofauti kabisa, na mafuta ya kubadili njia hayakuwepo. Baada ya ajali ya chombo cha Columbia ya Februari 2003, safari ya mwisho ilifutwa kwa sababu hiyo, kisha ikarudishwa mwaka 2006. Chombo cha Atlantis kiliporuka Mei 2009, Endeavour ilikuwa imesimamishwa kwenye jukwaa la pili la kurushia, tayari kuwafuata wanaanga wakikwama.

Kwamba wanaanga bado huenda: hapana, hakuna aliyekwenda tangu 2009, na vyombo vilivyowabeba vilistaafu mwaka 2011. Mwaka 2024 NASA, shirika la anga la Marekani, iliamua kuiendesha Hubble kwa jairoskopu moja, ya pili ikibaki akiba. Darubini ya James Webb nayo, ambayo watu huuliza kwa nini haipelekewi mafundi, iko umbali wa kilomita milioni 1.5, na haikujengwa ifunguliwe na mtu.