Academia.edu sio ya chuo chochote

Watu wengi sana, hadi wahadhiri, wanaamini Academia.edu, ile tovuti ya kuweka na kusoma pepa za utafiti, ni maktaba ya vyuo vikuu kwa sababu ya ile .edu mwishoni, kwa hiyo pepa ukishaiweka kule basi iko mahali rasmi. Sivyo jamani. Ile ni kampuni ya biashara, ilianzishwa 2008 na Richard Price, na anwani yenyewe ilikuwa imesajiliwa tangu 1999, kabla ya masharti ya 2001 yaliyofanya .edu ziwe za vyuo vinavyotambulika Marekani tu, zile za zamani zikaachwa kama zilivyo. ResearchGate ya Berlin, tovuti nyingine ya aina hiyo, nayo ni kampuni.

Sisemi mjitoe, kule unakutana na watu wa fani yako na hilo ni zuri kabisa. Shida ni hakimiliki. Ukishamsainia mchapishaji, ile PDF yenye nembo ya jarida mara nyingi huruhusiwi kuisambaza, ndo maana 2013 Elsevier, wachapishaji wa majarida, waliwabana Academia.edu na pepa nyingi zikashushwa. Majarida mengi yanachoruhusu ni nakala yako mwenyewe, ile faili ya Word baada ya kurekebisha maoni ya wahakiki (wengine wanataka usubiri miezi kadhaa), na mahali pake ni hifadhi ya mtandaoni ya chuo chako, muone mkutubi akuwekee, halafu kwenye akaunti zako unabandika linki tu, mwanafunzi aliyeko Mbeya anaipakua kwa simu bila kulazimishwa kujisajili popote.