Kiwanja cha kiwanda cha zamani: udongo upimwe kabla ramani haijachorwa

Mwaka 2014, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichopakana na mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa, kilifungwa baada ya wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, kulalamika kwa miaka. Moshi ulikoma. Madini ya risasi, sumu itokayo kwenye betri, yaliyokwisha kutua juu ya mapaa, mitaroni na uani yalibaki pale pale, kwa sababu risasi haiozi. Ndiyo maana Mahakama ya Mazingira na Ardhi, katika hukumu yake ya Julai 2020, haikuishia kwenye fidia ya shilingi bilioni 1.3, iliamuru pia mazingira yasafishwe. Kesi iliendelea hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024, miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa.

Je, ardhi ya namna hii inaweza kutumika tena? Mara nyingi inaweza. Kinachoharibu mambo ni kuanza na ramani ya maduka na nyumba, kisha kumwita mpimaji aihalalishe.

Kazi huanza kwa kuulizia historia. Wafanyakazi wa zamani ndio wanaojua betri zilipasuliwa upande gani, asidi ilimwagwa wapi, na tangi lipi lilivuja hata kabla mwenye kiwanda hajakubali. Picha za zamani zilizopigwa kutoka angani huonyesha mashimo ya taka yaliyofukiwa. Baada ya hapo ndipo sampuli huchukuliwa, na hapo kina cha kuchimba kina maana kubwa. Mtoto hadhuriwi na udongo ulio mita mbili chini; hudhuriwa na vumbi la juu linaloshika vidoleni na kuingia mdomoni. Kwa hiyo sentimita chache za juu hupimwa peke yake. Udongo wa chini na maji ya visima navyo hupimwa, kwa kuwa sumu huweza kushuka na mvua.

Hapa kuna mtego ambao kila mwananchi anayesomewa ripoti anapaswa kuujua. Tuseme sampuli kumi zimechukuliwa: tisa zina miligramu 50 za risasi kwa kila kilo ya udongo, na moja, karibu na mlango wa tanuri, ina 3,000. Zikichanganywa pamoja, jibu ni 345, na lile doa la hatari limefichika ndani ya wastani. Tena hata hiyo 345 si ndogo: Januari 2024 shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200. Ukiletewa ripoti, dai kuona matokeo ya kila shimo na ramani ya mahali lilipochimbwa.

Mfano ninaouheshimu uko Duisburg, Ujerumani, katika eneo la Ruhr ambalo lilidhoofika viwanda vya chuma na migodi ya makaa ilipofungwa. Tanuri za kiwanda cha chuma cha Meiderich, kilichoko mjini humo, zilizimwa mwaka 1985. Wasanifu wa kampuni ya Latz, waliopewa kazi ya kuligeuza eneo hilo kuwa bustani ya umma, hawakubomoa kila kitu wala kuchimbua udongo wote. Udongo uliochafuka zaidi walifungia ndani ya mabunka ya zamani, yaani maghala mazito ya kiwanda. Penye uchafu mdogo waliacha miti iote. Maji machafu ya mkondo wa zamani wa mto Emscher yalipitishwa kwenye bomba chini ya ardhi. Bustani ilifunguliwa mwaka 1994, na leo watu hupiga mbizi ndani ya tangi lililokuwa la gesi. Kila kipande kilipewa kazi kinayoweza kuibeba kwa hali yake, jambo ambalo huokoa fedha nyingi sana.

Kwetu, hatari ninayoihofia zaidi ni kifusi. Udongo uliochimbuliwa kwenye kiwanja kama hiki ukibebwa na lori na kuuzwa kwa wanaojaza mashimo, sumu imehamia mtaa mwingine ambao haukuwahi kuwa na kiwanda. Udongo huo ulowanishwe wakati wa kuchimba, ufunikwe njiani, na upelekwe kwenye jaa lililotandikwa kuzuia maji kupenya. Wakati usafishaji ukisubiriwa, wanaoishi jirani wapanguse sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia pakavu, viatu vibaki nje, watoto wanawe mikono kabla ya kula, na mchicha usipandwe hapo.

Pale sumu inapofunikwa kwa zege au udongo safi badala ya kuondolewa, jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za ardhi za kiwanja: kifuniko kiko wapi, kina unene gani, chini yake kuna nini. Fundi atakayekuja miaka thelathini baadaye kuchimba msingi au shimo la choo hatakuwa na njia nyingine ya kujua.