Nihilisti si mtu aliyekata tamaa

Siku hizi kila aliyechoka na maisha anajiita nihilisti. Mtu haamini dini, hapigi kura, hana mpango wowote na kesho yake, anaandika kwenye profaili yake "mimi nihilisti, hakuna chenye maana", halafu chini anaweka picha ya mwandishi fulani wa Kirusi mwenye ndevu. Nimeliona mara nyingi mno na linaniuma, kwa sababu vijana wa Urusi waliobeba jina hilo kwanza walikuwa kinyume kabisa cha hayo.

Kwa kifupi, unihilisti wa Urusi ya miaka ya 1860 ni msimamo wa kutokubali kitu chochote kwa sababu tu kimezoeleka au kinaheshimiwa, kiwe cha serikali, cha kanisa, cha familia au cha sanaa, mpaka kipimwe kwa akili na ionekane kinamsaidia nani. Basi, ndo hiyo.

Neno lenyewe lina mzizi wa Kilatini, nihil, yaani hakuna kitu, na hapo hapo ndo vurugu inapoanzia. Mwanafalsafa Mjerumani Jacobi alilitumia mwaka 1799 kwenye barua yake kwa mwanafalsafa mwenzake Fichte, na kule Urusi mhakiki Nadezhdin akalitumia 1829 kuwaponda waandishi vijana wa wakati ule, lakini halikushika sana. Aliyelipa mwili ni mwandishi Ivan Turgenev kwenye riwaya yake ya baba na wana, iliyotoka 1862, mwaka mmoja tu baada ya Tsar (mfalme wa Urusi) Alexander II kufuta utwana wa wakulima, wakati nchi nzima inabishana nini kibaki na nini kiondoke.

Sasa nenda kasome humo ndani ya riwaya wanapokunywa chai asubuhi. Kijana Arkady kaja nyumbani na rafiki yake Bazarov, mwanafunzi wa udaktari, na baba mkubwa wake Pavel anauliza huyo mgeni ni mtu wa namna gani. Kijana anajibu, ni nihilisti. Pavel anabaki na kisu hewani, siagi iko nchani. Baba mzazi anajaribu kubahatisha, anasema nadhani hilo linatoka kwenye nihil ya Kilatini, kwa hiyo ni mtu ambaye hakubali chochote? Pavel anadakia, sema asiyeheshimu chochote, anarudi kwenye siagi yake. Arkady anawarekebisha, anasema ni mtu anayekiangalia kila kitu kwa jicho la kukihoji. Pavel anauliza kwani si yale yale? Na kijana anamjibu hapana, si yale yale.

Yaani ubishi wetu wote umo humo, pale pale neno lilipoanza kupata umaarufu! Maana tunayoitumia leo ni ile ya wazee waliokuwa wanabahatisha kwa kuangalia mzizi wa neno, na mwenye neno alishawaambia siyo.

Halafu mwangalie Bazarov mwenyewe anavyoishi. Anaamka mapema anaenda kwenye madimbwi kutafuta vyura, watoto wa wakulima wanamuuliza vyura wa nini, anawaambia nitampasua nione kinachoendelea ndani yake, na kwa vile mimi na wewe ni vyura vile vile ila tunatembea kwa miguu, nitajua na ndani yetu kunaendelea nini. Anawaeleza kabisa kwamba anataka asikosee siku mmoja wao akiumwa na yeye ndiye wa kumtibu. Huyo ni mtu asiyeamini kitu? Anaiamini sayansi kupita kiasi, hadi anasema mkemia mzuri ana faida mara ishirini kuliko mshairi yeyote, jambo ambalo mimi silikubali hata kidogo, lakini ni imani, tena kali. Na kinachomuua ni kazi, alijikata kidole akipasua maiti ya mtu aliyekufa kwa taifasi, na daktari wa pale hakuwa na dawa ya kuunguzia kidonda.

Najua mtaniletea ile sehemu Bazarov yuko chini ya lundo la nyasi kavu anasema yeye ni chembe tu, akifa majani yataota juu yake, basi mkulima akipata nyumba nzuri yeye inamhusu nini. Ni kweli anasema hivyo. Ila angalia ni lini, Anna Odintsova, mwanamke aliyempenda, kashamkataa na moyo umevunjika. Hayo ni maumivu ya mtu, siyo msimamo wa kizazi, na baadaye unamkuta anamsaidia baba yake kutibu wagonjwa, hadi anamng'oa jino mchuuzi mmoja wa vitambaa aliyekuwa anapita.

Nje ya kitabu ni hivyo hivyo. Mhakiki Dmitri Pisarev, aliyelipokea jina la Bazarov kwa mikono miwili, alifungwa kwenye ngome ya Peter na Paul kule Saint Petersburg kuanzia 1862 hadi 1866 na humo humo ndani akaendelea kuandika kuhusu sayansi na elimu. Nadezhda Suslova, binti wa mtu aliyezaliwa mtwana, akaenda Zurich akapata udaktari 1867, maana vyuo vya kwao vilifungia wanawake milango. Mabinti wa kundi hilo walikata nywele fupi, wakavaa nguo zisizo na mapambo, wengine wakafunga ndoa za makaratasi tu ili watoke kwa baba zao wakasome. Aliyekata tamaa hahangaiki hivyo.

Kosa la pili ni kuwaita nihilisti wale waliomuua Tsar mwaka 1881. Magazeti ya Ulaya ndo yalizoea kusema hivyo, lakini kundi lile lilijiita Narodnaya Volya, yaani Matakwa ya Watu, na lilikuwa la wanamapinduzi wenye siasa zao. Kropotkin, mwanamapinduzi wa Kirusi aliyewajua watu hawa vizuri, alilalamika kwenye kumbukumbu zake kwamba wageni wanachanganya unihilisti na ugaidi. Ile maana ya dunia kukosa thamani na shabaha ilikuja kuvuma zaidi na mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche, miaka ya 1880, na hiyo nayo ni maana halali ya neno, siipingi.

Kwa hiyo ukisema wewe ni nihilisti kwa maana ya Nietzsche, sawa, tutaelewana. Ukiwa unaona tu maisha hayana maana, Kiswahili kina kukata tamaa, litumie bila aibu na utafute mtu wa kuongea naye. Ila hiyo picha ya Mrusi naomba uitoe, kama ni Turgenev hajawahi kumwelezea nihilisti hivyo, na kama ni mwandishi mwenzake Dostoevsky basi ndo kabisa, yule aliwapinga nihilisti mpaka mwisho.