Mnataka kukarabati makaburi ya zamani ya mji wenu? Acheni kwanza simenti

Nafanya kazi kwenye uhifadhi wa mambo ya kale, na swali ninaloulizwa sana na watu wa mitaa, misikiti na makanisa hapa Dodoma na wilaya zake ni hili: tunataka kukarabati makaburi ya zamani, tununue mifuko mingapi ya simenti? Nia ni njema na inanifurahisha mno kuona watu wanajali, ila simenti ndo kitu cha mwisho kufikiria na mara nyingi haitakiwi hata kidogo. Makaburi mengi ya kale hayaharibiwi na mvua wala na miaka, yanaharibiwa na sisi wenyewe siku moja ya usafi, tunaingia na mapanga, moto, jiki na rangi nyeupe, jioni pamependeza lakini kilichokuwepo miaka 100 kimepotea.

Kwanza tuelewe nani amelala pale. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 enzi za Wajerumani na mji ukaanza kukua kuizunguka stesheni, kwa hiyo kwenye makaburi ya zamani unategemea kukuta watu wa reli, wafanyabiashara, wamisionari, watumishi wa serikali, watu wa kila dini na kila kabila. Mpwapwa ni pa zamani zaidi, wamisionari wa Kianglikana waliweka kituo pale miaka ya 1870. Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, mwezi wa tano 1916 watu walipigana vibaya sana pale Kondoa Irangi, na mwishoni mwa mwezi wa saba mwaka huohuo majeshi ya Waingereza na Afrika Kusini yakaingia Dodoma. Wanajeshi wa kizungu wengi walipata jiwe lenye jina. Wapagazi waliobeba mizigo yao wakafa kwa kuhara, malaria na njaa hawakupata, na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwenye vita hiyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Na bado hapo sijagusa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya kuanzia 1917 hadi 1920, ambayo wazee wetu waliisimulia kwa vizazi, watu walikufa wengi mno, nani angekuwa na nguvu ya kuchonga jiwe?

Ndo maana nasema sehemu ya kuogopa zaidi kwenye makaburi ya zamani ni ile inayoonekana tupu. Watu wanakuja wanasema hapa pembeni hamna kitu, tuchimbe shimo la taka, tuweke choo, tupitishe ukuta. Jamani hapana. Nenda asubuhi jua likiwa bado liko chini, mwanga unapopita kwa ubavu utaona vijibonde virefu vimejipanga, hayo ni makaburi, udongo uliochimbwa unatitia taratibu miaka na miaka. Na mvua zikianza, kuanzia mwezi wa 12, angalia nyasi, juu ya udongo uliowahi kuchimbwa mara nyingi zinaota tofauti na pembeni. Hata kirundo cha mawe, au mti mmoja mkubwa uliosimama peke yake, usiuguse mpaka umeuliza wazee, unaweza kuwa ndo alama pekee ya kaburi iliyobaki.

Kuna jambo linawachanganya wengi, kujua kaburi ni la dini gani kwa kuangalia limeelekea wapi. Hapa kwetu Makka iko upande wa kaskazini, na Muislamu analazwa kwa ubavu wa kulia uso ukielekea kibla, kwa hiyo kaburi lake linalala mashariki-magharibi. Na Wakristo wengi wa zamani walizikwa hivyohivyo mashariki-magharibi, tofauti ni kwamba kichwa cha Muislamu kinakuwa mashariki na cha Mkristo kwa desturi ya zamani kinakuwa magharibi. Kwa juu huwezi kujua. Kwa hiyo usiweke msalaba wala alama yoyote kwa kubahatisha, heri kaburi libaki bila alama kuliko kupewa alama isiyo yake.

Sasa kazi yenyewe inaanzaje? Kwa daftari na simu. Kabla hata nyasi hazijafyekwa chora ramani, kila kaburi lipewe namba, lipigwe picha pande zote, maandishi yanakiliwa herufi kwa herufi hata kama yamekosewa, na mahali pa ufa paandikwe. Herufi zikiwa zimefifia usizipake chaki wala unga, subiri jioni umulike tochi kwa ubavu, utashangaa jina linavyojitokeza. Wakati huohuo watu wakae na wazee na viongozi wa dini, maana wazee hao wakiondoka hakuna ofisi itakayokujibu.

Turudi kwenye simenti maana hapa ndo pana madhara makubwa. Makaburi mengi ya zamani yamejengwa kwa mawe au matofali na udongo wa chokaa. Chokaa ni laini na inapumua, maji yakipanda kutoka ardhini yanatoka kupitia kwenye viungo vya chokaa yanakauka basi. Ukipiga plasta ya simenti juu yake umeziba njia, na Dodoma jua ni kali, maji yanatafuta pa kutokea yanapita kwenye jiwe au tofali lenyewe, yanaacha chumvi ndani, chumvi inaganda inavimba, na uso wa jiwe unaanza kubanduka ukiwa na maandishi yake. Baada ya misimu michache plasta inadondoka na jina la marehemu linadondoka nayo. Ukiweka nondo ndo mbaya zaidi, ikishika kutu inatanuka na kupasua kila kitu. Kwa hiyo kiungo cha chokaa kinazibwa kwa chokaa na mchanga safi, kinafunikwa na magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa kisikaushwe na jua haraka, maana chokaa inakomaa polepole kwa kuvuta hewa ukaa. Fundi mwenye haraka hii kazi haimfai.

Usafi wa jiwe ni maji safi, brashi laini na uvumilivu, basi. Hakuna brashi ya waya, msasa, tindikali wala jiki, jiki nayo inaacha chumvi ndani. Msichome moto nyasi, jiwe likipata joto ghafla linapasuka. Jiwe lililoanguka msilinyanyue vijana wawili kwa mikono, kipande cha graniti cha urefu wa mita 1, upana sentimita 60 na unene sentimita 10 kina kilo kama 160, kikikuponyoka mguu hauna. Na vyuma vya uzio na vibao viandikwe vyote kwenye daftari mapema, wanunuzi wa chuma chakavu wanavipenda.

Jambo la mwisho ni ruhusa. Kuhamisha makaburi kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, sio uamuzi wa kamati ya mtaa wala wa mwenye kiwanja, na eneo lililotangazwa kuwa la kihistoria linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Tangu serikali ihamie Dodoma mji unapanuka kwa kasi na viwanja vinasogelea makaburi kila upande, kwa hiyo ile ramani yenu yenye namba na picha pelekeni nakala halmashauri, nyingine kwa mtendaji wa kata, nyingine ikae msikitini au kanisani, siku greda ikija muwe na karatasi ya kumuonesha dereva.