Je, wajua Bwana Krabs na Plankton walikuwa marafiki wa utotoni?

Mpwa wangu wa miaka minane ana tabia ya kuuliza maswali katikati ya katuni, pale pale ambapo kila mtu anataka kimya. Juzi tulikuwa tunaangalia SpongeBob. Plankton karushwa nje ya mgahawa wa watu kama kawaida yake, kaanguka kifudifudi barabarani. Mpwa akanigeukia: "Mjomba, kwa nini huyu asihame tu? Si akafungue mgahawa wake mtaa mwingine?"

Kwa asiyeifahamu, hii ni katuni ya Kimarekani iliyoanza kuonyeshwa tarehe 1 Mei 1999. SpongeBob ni sponji anayepika baga chini ya bahari, katika mgahawa uitwao Krusty Krab. Mwenye mgahawa ni Eugene Krabs, kaa mwekundu mbahili kupindukia. Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso, kuna mgahawa wa pili, Chum Bucket, ambao hauna wateja. Huo ni wa Sheldon Plankton, kidudu cha kijani chenye jicho moja, kidogo kiasi kwamba watu humkanyaga bila kujua. Kazi yake ni moja tu, kutafuta namna ya kuiba siri ya mapishi ya baga za Krabs. Tangu 1999 hajafanikiwa kubaki nayo, na hajahama.

Jibu la mpwa wangu limo katika kipindi cha mwaka 2007 kiitwacho Friend or Foe. Humo tunaambiwa kwamba hawa wawili walikuwa marafiki wa chanda na pete. Walisoma shule moja, wote fukara, wote wakitengwa na wenzao. Wakaamua kutengeneza baga zao wenyewe na kuziuza kwenye kibanda chao. Mteja wao wa kwanza, mzee mmoja, alionja akadondoka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika: huyu akamlaumu yule, yule akamlaumu huyu, wakagombania karatasi ya mapishi mpaka ikachanika. Plankton akatoka kwa hasira, akaubamiza mlango.

Mlango ule ndio kiini cha kisa. Kwa kishindo chake, viungo vilivyokuwa rafuni vilimwagikia kwenye mchanganyiko wa baga, na ndivyo ilivyopatikana ladha iliyomtajirisha Krabs. Kwa maneno mengine, Plankton anatumia maisha yake yote kuiba kitu alichokitia mkono yeye mwenyewe, bila kujua, siku aliyoondoka. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje ahamie mtaa mwingine?

Waandishi wa katuni huwapa wahusika utoto kwa sababu ya kikazi kabisa. Mwizi anayetaka siri ya mapishi anachekesha mara ya kwanza, mara ya pili, labda mara ya kumi. Baada ya hapo mtazamaji anaanza kujiuliza kuna nini hasa. Ukimwambia kwamba mwizi huyo na tajiri wake waliwahi kuwa watoto wawili wenye njaa na ndoto moja, vipindi vyote vya nyuma vinabadilika sura bila kuvigusa. Kila Krabs anapomnyanyua Plankton kwa koleo la mkono wake na kumtupa nje, unaona ugomvi wa nyumbani. Wahenga walishaonya: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. SpongeBob maskini hajawahi kuusikia msemo huo, kila siku yuko katikati yao.

Dawa hii ikizidi hudhuru, lakini. Katika vipindi vya siku ile ya kwanza mwaka 1999, SpongeBob anakutana na Sandy, yule kindi mwenye kofia ya kioo, kwa mara ya kwanza kabisa. Hata hajui kwamba nyumbani kwa Sandy kuna hewa na hakuna maji. Kisha ikaja filamu ya mwaka 2020 ikatuonyesha kwamba walifahamiana kambini wakiwa watoto, na mwaka 2021 kambi hiyo ikapewa katuni yake, Kamp Koral. Yote mawili hayawezi kuwa kweli. Mimi hilo la kambi silipendi. Utoto wa Krabs na Plankton ulijibu swali lililokuwepo. Huu wa kambini uliletwa tu, hakuna aliyeuliza.

Ila kuna jambo jingine kuhusu kisa cha kaa na Plankton linalonivutia kuliko haya yote, nalo halimo kwenye katuni. Limo baharini.

Stephen Hillenburg, aliyeibuni katuni hii, alikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe wa bahari huko Dana Point, California, kabla ya kusomea uchoraji wa katuni. Plankton aliyemchora ni kopepodi, mmoja wa wadudu wadogo wa majini walio jamaa wa kamba na kaa. Kopepodi wa kweli ana urefu wa milimita moja au mbili, ana papasio ndefu, na wengi wana jicho moja tu katikati ya kichwa. Yupo hata jamii yake mmoja aliyepewa jina la Cyclops, lile jitu la jicho moja la hadithi za Kigiriki. Jina planktoni nalo limetokana na Kigiriki, na maana yake ni chenye kutangatanga: kiumbe asiyeweza kushindana na mkondo, anakwenda unakompeleka.

Na kaa je? Kaa naye huanza maisha akiwa planktoni.

Chukua kaa koko wa kwenye mikoko yetu, yule mkubwa anayeuzwa akiwa hai, magando yamefungwa kamba. Jike lake hubeba mayai kwa mamilioni chini ya tumbo, huyapeleka bahari kuu, na yanayoanguliwa hayafanani na kaa hata kidogo. Ni kidudu kinachopenyeza mwanga kama kioo, chenye macho makubwa kuliko haki yake na mwiba mrefu mgongoni. Wataalamu hukiita zoea. Ukubwa wake ni kama milimita moja tu. Kwa wiki kadhaa huelea na mikondo, usiku akipanda juu kutafuta chakula, pamoja na umati wa kopepodi wanaofanya vivyo hivyo.

Basi tuwawazie hapo, Eugene na Sheldon, usiku wa giza, kimo sawa, njaa sawa, wote hawajui wanakokwenda. Wala sisemi waandishi walikuwa na zoea kichwani walipoandika kile kipindi. Nasema tu kwamba bahari ilishaandika kisa hicho kabla yao. (Ni kweli pia kwamba zoea hula watoto wa kopepodi. Urafiki una mipaka yake.)

Kisha hutengana, na njia yenyewe ni ya kujivua gamba. Hapa sizungumzii kujivua gamba kwa CCM, chama tawala cha Tanzania, mwaka 2011. Nazungumzia gamba lenyewe. Mnyama wa jamii hii hawezi kukua mpaka alivue gamba la zamani. Zoea wa kaa koko hupitia hatua tano, halafu huwa megalopa, mwenye magando tayari lakini mkia bado umenyooka. Huyo huingia na maji kujaa hadi kwenye mikoko, hujivua tena, na hapo ndipo anakuwa kaa kamili mwenye kukaa chini, mwenye shimo lake. Kopepodi naye hujivua mara kadhaa, lakini akishafika utu uzima husimama. Hajivui tena, hakui tena. Atabaki na milimita zake mbili akielea juu, huku mwenzake chini akinenepa mwaka hadi mwaka.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya, naye akanisikiliza vizuri mpaka kwenye magando. Halafu akauliza Chum Bucket maana yake nini. Nikamwambia chum kwa Kiingereza ni mabaki ya samaki, damu na matumbo, yanayomwagwa baharini kuwavuta papa. Kwa hiyo ni kama ndoo ya chambo, na ndiyo maana hakuna anayetaka kula pale.

Sikumwambia maana ya pili. Kwa Kiingereza neno hilohilo pia huitwa mtu mliyeshibana, rafiki wa damu. Plankton kaliandika juu ya mgahawa wake kwa herufi kubwa, pale ambapo Krabs atalisoma kila afunguapo mlango asubuhi.