"Bata Ni Ndege wa Maji, Banda la Nini?"

Tangu mvua zianze Desemba, kauli hiyo nimeisikia karibu kila nyumba ninayoitwa. Wiki iliyopita nikaikuta tena Nzuguni, hapa Dodoma, kwa mama mwenye bata 12 wanaolala chini ya mwarobaini. Nikamshika dume mmoja, nikamgeuza miguu juu. Unyayo ulikuwa umevimba kama karanga, katikati kigaga cheusi. "Mama, tope ndilo limemfanya hivi," nikamwambia. Akanijibu, "Lakini daktari, si bata huyo?"

Ni bata, ndiyo. Akitoka majini hujikung'uta, hujipaka mafuta ya tezi iliyo juu ya mkia, akakauka. Kulala kwenye unyevu ni habari nyingine kabisa. Manyoya yake humpa joto kwa hewa inayokaa ndani yake. Yakishika tope na kinyesi, maji hupenya hadi kwenye ngozi. Nyayo nazo zikilowa usiku kucha hulainika, zikichubuka vijidudu vinaingia. Halafu bata wengi tunaofuga, hawa wenye vinundu vyekundu usoni, asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, wanakolala juu ya miti, na tezi yao ya mafuta ni ndogo kuliko ya bata wengine. Ndiyo maana jioni unawaona wakirukia ukuta. Wanatafuta pa juu pa kulala!

Kwa hiyo jenga banda: bati litokeze nusu mita nje ya ukuta, sakafu iwe juu kuliko uwanja (udongo wa kichuguu ulioshindiliwa unatosha), juu yake maranda au maganda ya mpunga unene wa sentimita 10. Kila asubuhi chota maranda, yaminye kiganjani. Yakishikana bonge, yatoe, weka makavu. Zoezi hili dogo nalithamini kuliko dawa yoyote ya dukani, na kila mteja wangu nitamwambia mpaka achoke.

Wapo wanaokosea kwa upande wa pili: wanaziba banda lote kwa turubai wakiogopa upepo wa Juni na Julai. Bata hutoa unyevu mwingi kwa pumzi na kinyesi. Ukiingia alfajiri macho yakawasha, hiyo ni amonia, gesi kali ya kinyesi, na bata wenyewe wameivuta usiku kucha. Ukuta mzima uwe mashariki na kusini, unakotokea upepo wetu wa kiangazi. Kwingine acha wavu juu ya usawa wa vichwa vyao. Bati tupu mwezi Oktoba ni tanuri, litandike nyasi. Wazee wa Kigogo waliotandaza udongo hadi juu ya paa la tembe, nyumba yao ya asili, walilijua jua hili.

Beseni la maji ndani usiku? Litoe, pamoja na chakula, maana bata akila bila kunywa anaweza kukabwa.

Vifaranga wadogo wasitumbukizwe majini eti wajifunze kuogelea. Manyoya yao laini hulowa upesi, na usiku wa hapa una baridi hata baada ya mchana wa jua kali.

Na wavu ule mwembamba wa kuku humzuia bata kutoka tu, mbwa huuchana. Weka wavu mgumu wa matundu madogo, uufukie sentimita 30 ardhini.