Jicho la mtoto linalotoa machozi: usiishie kulifuta

Mtoto wa miezi 3 analetwa kliniki. Jicho moja limeloa muda wote, na kila asubuhi kope zimegandana kwa matongo. Wazazi huwa wamekuja kutafuta dawa ya matone, na wengi hushangaa nikiwaambia kwamba kinachohitajika zaidi ni kidole kisafi na subira.

Machozi yakishalowesha jicho huingia kwenye vitundu viwili vidogo vilivyo pembeni mwa jicho, karibu na pua, yakapita kwenye kifuko, kisha yakashuka kwa mfereji hadi puani. Ndiyo maana mtu akilia, pua nayo hutiririka. Kuna watoto wanaozaliwa utando mwembamba wa mwisho wa mfereji huo ukiwa bado umeziba. Machozi yakikosa pa kwenda hufurika shavuni, na yale yanayotuama ndani ya kifuko huleta matongo. Jicho lenyewe hubaki jeupe. Katika kila watoto 10 wenye hali hii, 9 hivi mfereji hufunguka wenyewe kabla hawajatimiza mwaka 1.

Kinachosaidia ni kukanda. Nawa mikono, hakikisha kucha ni fupi, weka ncha ya kidole kati ya pembe ya jicho na pua, bonyeza kiasi, kisha telezesha kuelekea chini ukifuata ubavu wa pua. Rudia mara 5 hadi 10, mara chache kwa siku. Wengi hukanda shavu, na hapo hakuna kitu. Matongo yafute kwa pamba safi iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usitie chochote ambacho hukuandikiwa, hata matone yaliyobaki ya kaka yake. Ukipita mwaka 1 bila nafuu, daktari bingwa wa macho anaweza kuuzibua mfereji kwa kijiti chembamba cha chuma, kazi ya dakika chache.

Kuna machozi yasiyosubiri. Usaha mwingi na kope zilizovimba katika mwezi wa kwanza wa maisha ni dharura. Uvimbe mwekundu au wa bluu kando ya pua, vivyo hivyo. Na mtoto anayekwepa mwanga, ambaye kioo cha jicho kinaonekana kikubwa au chenye ukungu, huenda ana presha ya macho. Mlete siku hiyo hiyo.

Lililonifanya niandike, hata hivyo, ni jambo ambalo watu hulisahau machozi yakishakauka. Tafiti kadhaa zimeona kwamba baadhi ya watoto waliozaliwa mfereji ukiwa umeziba, hasa wa jicho moja, wana macho yasiyolingana nguvu, na mara nyingi jicho lililokuwa likitoa machozi ndilo linalohitaji miwani zaidi. Ubongo unapopokea picha safi kutoka jicho moja na picha hafifu kutoka jingine, huchagua ile safi na kuipuuza nyingine. Jicho lililopuuzwa halijifunzi kuona. Huo ndio uvivu wa jicho, na hata miwani ikija ukubwani mara nyingi haitoshi kuuondoa.

Mtoto hatakwambia, kwa kuwa hajui kuona kwingine. Nyumbani, mkiwa mnacheza, ziba jicho moja kwa kiganja, kisha jingine. Akitulia ukiziba la kulia lakini akasukuma mkono wako ukiziba la kushoto, huenda la kulia halioni vizuri. Akitulia kote, bado mlete apimwe, maana jaribio hili hukosea. Kliniki tunapanua mboni kwa matone na kupima nguvu ya macho hata kwa mtoto asiyejua kusema.

Tukiukuta uvivu mapema, hasa kabla ya miaka 7, tunaanza na miwani. Isipotosha, tunaliziba jicho linaloona vizuri kwa saa chache kila siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Siku za kwanza atakibandua kiziba hicho. Usimkaripie, umemfunika jicho analolitegemea. Kibandike tena wakati anafanya kitu anachokipenda.